Makasi iko kwa nani? Mashua mbili, mzee mmoja na kompyuta ya Linux



Umoja wetu ulinipa kazi: kutengeneza filamu ya dakika kumi juu ya historia ya Kalemie, ya kuonyesha siku ya kupokea wanafunzi wapya. Walinichagua kwa sababu moja tu, kwamba niko na kompyuta. Hakuna aliyeuliza ni kompyuta gani. Ni ya zamani, RAM giga 4, betri ilikufa kitambo, ukiichomoa kwenye umeme inazima papo hapo. Nilipojaribu montaji ya kwanza ilichukua dakika kumi na moja kufunguka, kisha ikaganda. Nilitaka kurudisha kazi ya watu.

Mdogo wetu mmoja wa informatike akaja nyumbani na flashi mfukoni. Akaiangalia mashini, akacheka, akasema:

“Yaya, hii mashini bado iko na nguvu. Ni ule mufumo mukubwa njo unaichokesha. Tuiweke Linux.”

Nikasema sawa, sina cha kupoteza. Leo nataka kuwaelezea safari hiyo, lakini hasa kitu nilichojifunza ndani yake juu ya historia yetu, maana sikukitarajia kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunasema montaji. Zamani ilikuwa kazi ya makasi kweli kweli: unashika utepe wa filamu, unakata, unaunga kwa gundi au kwa utepe wa kunata. Mwaka 1924 ikaja mashini ya Moviola, mkataji akaweza kuona picha zikitembea huku anafanya kazi. Mwaka 1971 kampuni ya CMX ikatoa mtambo wa kwanza wa kufanya montaji kwa kompyuta bila kufuata mpangilio wa utepe. Mwaka 1989 ikaja Avid. Vyote hivyo vilikuwa vya studio kubwa za nchi tajiri. Kwa hiyo mwenye mashini ndiye alikuwa na neno la mwisho: hiki kibaki, hiki kitoke.

Sasa fikirieni Kongo. Filamu za wakati wa ukoloni zilizoonyesha nchi hii zilitengenezwa na Wabelgiji kama Ernest Genval, André Cauvin na Gérard De Boe, pamoja na wamisionari. Cauvin ndiye alitengeneza “Bwana Kitoko” ya mwaka 1955, juu ya ziara ya Mfalme Baudouin huku kwetu. Babu zetu wamo katika filamu hizo. Wanacheza ngoma, wanabeba, wanapiga saluti. Ila makasi haikuwa mikononi mwao.

Kulikuwa na watu waliokataa hali hii ya mashini kuwa na wenyewe wachache. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzibadilisha na kuzigawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, umri miaka 21, akatangaza kiini cha mfumo ambacho leo tunakiita Linux. Umri wenu huo, wadogo zangu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa walikuwa wanatuma CD kwa posta hadi nje ya bahari, bila kulipisha. Jina lenyewe ni la kibantu, sisi tungesema utu.

Upande wa video nako watu walichanga nguvu. Mwaka 2000 Mfaransa Fabrice Bellard alianzisha FFmpeg, ambayo kazi yake ni kusoma na kugeuza karibu kila aina ya faili ya video na sauti. Mwaka 2002 Jason Wood akaanzisha Kdenlive. Mwaka huo huo Ton Roosendaal wa Uholanzi aliomba mchango ili kuikomboa programu ya Blender kutoka kwa wawekezaji wake; watu wakachanga euro 100,000 kwa wiki saba tu, kama vile sisi tunavyochanga kwenye kilio, na Blender ikawa huru. Mwaka 2008 Jonathan Thomas akaanza OpenShot. Kuna pia Shotcut ya Dan Dennedy, ambayo inatumia mtambo wa ndani uitwao MLT, ule ule ulio ndani ya Kdenlive.

Basi mimi nilizijaribu tatu: OpenShot, Shotcut na Kdenlive. Gharama ya kwanza ilikuwa mega. Programu ni ya bure, lakini kuishusha kwenye intaneti si bure, na huku mnajua bei. Tulishusha mara moja, tukaiweka kwenye flashi, sasa inazunguka kwa wenzetu wote. Sheria ya programu hizi inaruhusu hivyo, si wizi.

Katika hizo tatu, moja (sitaitaja, huenda kosa ni la mashini yangu) ilifunga mara nne kwa saa moja. Nyingine ilikuwa rahisi, ila nilipoweka njia nyingi za sauti nikapotea. Nikabaki na Kdenlive. Sababu ni mbili. Ya kwanza, inaweza kutengeneza nakala ndogo ya kila klipu, nyepesi. Unafanya kazi na ile nyepesi, halafu wakati wa kutoa filamu ya mwisho programu inachukua ile ya asili. Kompyuta ya giga 4 ikapumua. Ya pili, video za simu mara nyingi hazina mwendo wa picha ulio sawa, ndiyo maana midomo inasema mbele na sauti inafika nyuma. Programu iliniambia hivyo yenyewe, ikaomba ruhusa kuzigeuza. Nikairuhusu usiku, asubuhi zikawa sawa.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa katikati. Kioo kikawa cheusi. Nilikaa gizani nikijua saa tatu za kazi zimeenda. Umeme uliporudi nikafungua, programu ikaniuliza kama nataka kurudisha kazi iliyohifadhiwa yenyewe. Nilipoteza dakika chache tu. Tangu siku hiyo niliacha kusema Linux ni ya wale wa informatike peke yao.

Sasa tuingie katika filamu yenyewe.

Nilichagua hadithi ambayo kila mgeni wa Kalemie anaelezewa: vita ya ziwa ya mwaka 1915 na 1916. Wakati huo mji uliitwa Albertville, kwa heshima ya Albert wa Ubelgiji, na mdomo wa Lukuga ulikuwa kambi ya askari. Reli ya kutoka Kabalo, kilomita 273, ilikuwa imefika ziwani mwaka 1915. Upande wa pili, Kigoma, walikuwa Wajerumani, na wao ndio walikuwa wakubwa wa maji. Walikuwa na Kingani, na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakashusha majini meli kubwa Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku maelfu, ikaja kuunganishwa Kigoma.

Waingereza wakatuma mashua mbili za injini, za mbao, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Jemadari wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou. Kwa Wafaransa ni majina ya kitoto ya paka na mbwa. Zilitoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town kwa meli, zikapanda reli hadi Fungurume, huku huku Katanga. Hapo reli ikaisha. Mbele yake ni milima ya Mitumba, hadi Sankisia, kilomita zaidi ya 200 bila barabara. Kutoka Sankisia zikapanda reli tena hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli ya mwisho, zikafika kwetu Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba ziliiteka Kingani, ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuipiga. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipoacha Kigoma, baada ya kupaka injini zake mafuta mazito zisioze. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba.

Ni hadithi tamu, na jemadari mwenyewe ni kituko. Alikuwa anavaa sketi, mwili wote una chanjo za picha, na vitabu vinasema watu wa huku walimwita Bwana Chifunga-Tumbo. Mwandishi C. S. Forester aliichukua vita hii akaandika riwaya mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaifanya filamu, “The African Queen”. Walipiga picha zake Kongo na Uganda, na Humphrey Bogart akapata Oscar. Ndani yake Wazungu wawili na mashua moja kuukuu wanaizamisha meli ya Wajerumani. Mji wetu haumo. Wanaobeba hawamo. Kilichobaki ni mapenzi ya watu wawili juu ya maji.

Mimi nilicheka filamu hiyo. Nikasema, ngoja sisi wenye mji tutengeneze ya kwetu.

Nilikuwa na picha za zamani, ramani, na mahojiano moja. Katika mtaa wetu kuna mzee aliyefanya kazi ya reli hadi alipozeeka. Babu yake alitoka upande wa Bukama. Nilimrekodi kwa simu, barazani kwake, dakika arobaini. Alizungumza polepole. Alikohoa. Jogoo aliwika mara tatu. Alikuwa ananyamaza muda mrefu, kisha anaendelea. Alisema babu yake alikuwa akiwasimulia watoto juu ya mtumbwi ulioenda kwenye nchi kavu, mtumbwi mzito kuliko nyumba, na jinsi kamba ilivyokata ngozi ya mabega.

Nilipofanya montaji, kile kikohozi kilinisumbua. Ule ukimya ulinisumbua. Kila somo la montaji niliyotazama lilisema toa ukimya, mtazamaji atachoka. Nikakata. Nikakata tena. Filamu ikawa ya dakika tisa, inaenda haraka, ina muziki. Mzee akabaki na sekunde kumi na mbili.

Nikaenda kumuonyesha, kwa heshima. Alitazama hadi mwisho. Akaniuliza:

“Mutoto yangu, ni filme muzuri. Lakini minakuuliza: ile mashua ilipanda mulima peke yake?”

Nikasema hapana, Mzee.

“Ule Muzungu wa sketi nimemuona mara kenda. Nilihesabu. Bale balivuta kamba beko wapi?”

Sikuwa na jibu.

“Na mimi nilisema na wewe siku muzima. Umebakisha kile kidogo?”

Hakukasirika. Aliniletea chai. Lakini nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Hapa hapakuwa na Mbelgiji wala mtu wa Hollywood. Makasi ilikuwa mikononi mwangu, makasi ya bure, na nilikata mahali pale pale wengine walikata.

Nikarudi kwenye vitabu kutafuta kitu kimoja tu: ile njia ya Fungurume hadi Sankisia. Nikakuta kwamba katika simulizi nyingi inapita kwa kurasa chache, kisha wanakimbilia mizinga. Lakini hapo ndipo kazi yote ilipo. Mamia ya Waafrika walikata miti, wakalainisha njia, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja ya mbao juu ya mabonde na vijito. Kulikuwa na injini mbili za mvuke za kuvuta, na ng'ombe wengi. Mahali pa mteremko na kupanda, injini zikishindwa, ni kamba na watu. Na injini ya mvuke bila maji ni chuma tu, na ilikuwa msimu wa kiangazi. Wanawake wa vijiji ndio waliobeba maji kichwani, kutoka mbali, ili mitambo ya Waingereza isonge. Mama zetu walinywesha injini. Safari hiyo ya milimani ilichukua karibu wiki sita. Mapigano ya Desemba yalichukua muda mfupi kuliko mechi ya mpira.

Jemadari jina lake liko. Mashua, hata zile za mbao, majina yake yako. Hata mbuzi wa nahodha wa Kingani anatajwa. Majina ya waliovuta kamba sikuyakuta katika nilivyosoma. Mashua iliitwa Mimi, na sisi hatumo.

Nikafungua mradi upya. Hapa naomba niwaeleze jambo la kazi, kwa sababu linasaidia mtu yeyote atakayejaribu. Katika programu kama Kdenlive, ukikata klipu hujaharibu kitu. Faili ya asili inabaki nzima kwenye diski. Unachokata ni maagizo tu: anzia hapa, ishia hapa. Unaweza kuvuta ukingo wa klipu kwa kipanya, na kile ulichokificha kinarudi. Zamani kwenye utepe, kipande kilichoanguka chini kilifagiliwa. Kwa hiyo nilivuta ukingo wa sauti ya mzee, sekunde kumi na mbili zikawa dakika mbili na nusu. Kikohozi kikarudi. Jogoo akarudi. Niliondoa tu mngurumo wa upepo.

Tatizo likawa picha. Utaonyesha nini wakati anazungumza, kama picha nyingi zilizobaki zinaonyesha Wazungu wamesimama na mashua, na watu wetu ni vivuli pembeni? Nilijaribu kuvuta picha moja hadi kwenye sura za wale wa pembeni. Kwenye Kdenlive kuna kifaa cha kubadilisha ukubwa na mahali pa picha kidogo kidogo, picha inasogea kama jicho linatafuta. Nikaanzia kwa jemadari, nikasogea polepole hadi kwa kijana mmoja aliyeshika kamba ukingoni. Sura yake haionekani vizuri. Nikaiacha hapo kwa sekunde ishirini, sauti ya mzee juu yake, bila muziki. Kwingine niliweka mabega na mikono ya wapagazi wa bandari yetu ya leo, wakishusha magunia, baada ya kuwaomba ruhusa. Niliandika wazi kwenye kioo kwamba ni picha za sasa, mtu asije akadanganyika.

Bwana wa sketi sikumtoa. Naye ni historia. Nilimpunguza kutoka mara kenda hadi mara mbili.

Mwisho wa filamu niliweka Liemba. Nilitaka kuishia mwaka 1927, ilipopata jina jipya. Mzee ndiye aliniambia usikate pale. Mwaka 1997, baada ya vita iliyomwangusha Mobutu, meli hiyo hiyo ilikodiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikavusha ziwa watu zaidi ya 75,000 kutoka Tanzania kurudi kwetu. Wengine wenu wanaosoma hapa mama zenu walikuwa humo. Meli iliyotengenezwa kwa vita ya watu wengine ikaja kurudisha watu nyumbani. Hadithi hiyo haina wa kuipigia Oscar. Sisi wenyewe tusipoikata na kuiunga, itabaki kwenye baraza za wazee, na wazee wanaondoka.

Kutoa faili ya mwisho kulichukua usiku mzima kwa mashini yangu, kwa filamu ya dakika kumi na nne. Ndiyo, nilizidisha dakika nne, kamati wanisamehe. Nililala kando yake nikiomba umeme usikatike. Haukukatika.

Nilimpelekea mzee tena. Safari hii hakuhesabu kitu. Kwenye ile sehemu ya kijana mwenye kamba aliinama karibu na kioo, akaweka kidole, akauliza kama ninaweza kumrudisha kidogo amuone tena. Nikamrudisha. Akaomba tena. Tulimtazama yule kijana mara tano, hakuna aliyezungumza.

Ndugu zangu, naishia na mambo ya vitendo. Flashi yenye Linux na hizo programu tatu iko kwangu, mtu yeyote aje na kompyuta yake, hata kuukuu, tutaiweka pamoja. Sihitaji malipo, leta tu chaja nzima. Pili, kila mmoja arekodi mzee mmoja kabla ya mwaka kwisha, na ahifadhi faili nzima mahali pawili, si ile iliyokatwa. Montaji inaweza kungoja, mzee hawezi. Na siku utakapokaa kukata, kabla hujaondoa ukimya wa mtu, jiulize kwanza alikuwa ananyamazia nini.

Karibuni kwenye maonyesho.